Maji ya Udhu na Ngozi ya Bibi

Jumanne, Temeke. Mvua haijakatika tangu asubuhi. Nguo zimeloa, na hasira niliyo nayo sijui niitue wapi.

Nakuandikia wewe, daftari langu, kwa sababu hutaniambia kwamba mimi ni mtoto.

Kidonda cha Bibi kilikataa kupona kwa sababu ya kisukari. Basi daktari Mzungu akachukua vipande vidogo vya ngozi ya paja la Bibi mwenyewe, akavipanda juu ya kidonda mguuni. Jumapili tulipokwenda kumtazama hospitali, dresa, yule mfunga vidonda, alitufasiria polepole: ngozi ikishika, kidonda kitafunga, ikioza, mguu utakatwa. Bandeji isifunguliwe wala isiloe mpaka Bibi arudi hospitali Ijumaa.

Kuna neno gumu hapo?

Leo asubuhi Mjomba amemleta nyumbani. Nami narudi kutoka shuleni adhuhuri inaadhiniwa, namkuta ukumbini, ameketi kwenye kibao, kopo la maji kando, anaifungua bandeji atawadhe! Jirani yetu Bi Mwanaidi yupo hapo anacheka tu: “Shoga, mguu ukiwasha, utajikuna wapi? Pajani?”

Nikamshika Bibi mkono. Nikamweleza tulivyofundishwa chuo cha Kurani, kwamba mwenye bandeji hupitisha mkono wenye unyevu juu yake, na udhu wake unatimia.

“Niache wee! Nimeanza kutawadha mamako hajazaliwa. Leo nisimame mbele ya Mola na mguu haujaguswa na maji?”

Nilitamani kulia. Daktari hamwamini kwa kuwa ni Mzungu, mimi haniamini kwa kuwa ni mjukuu. Mguu wenyewe umwamini nani?

Nikamwomba Bi Mwanaidi alishike lile kopo, nikatoka mbio kwenye mvua kumwita Mwalimu wa chuo. Akaja na mwavuli wake, akasimama mlangoni.

“Bi Salma, shikamoo. Pitisha mkono juu ya bandeji, yatosha.”

“Marahaba, Mwalimu. Kumbe!” Kisha akanigeukia mimi: “Na wewe, si ungesema tangu mwanzo?”

Si ungesema.

Nimeifunga tena bandeji. Ilikuwa imefunguka mizunguko ya juu tu, na ndani ni kavu. Nafikiri ni kavu.

Bibi ameswali ameketi, sasa amelala, mguu juu ya mto. Ijumaa nitaomba ruhusa shuleni niende naye, niwepo bandeji ikifunguliwa.

Shika, ngozi wee. Angalau wewe usiwe mbishi.