Kioo cha Kutazamia Mshtarii

Mikumi, 11 Januari 2026

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na magoti yamekupa nafuu. Mimi mzima, gesti imejaa madereva wa malori na mashuka hayakauki kwa mvua hizi. Nakuandikia kwa kuwa simu unasema inakumezea maneno.

Mama, umewafundisha watoto wa Kilosa sayari kwa chaki mpaka ukastaafu, nami nikiwemo, na hujawahi kuiona hata moja kwa karibu. Nataka kukununulia darubini. Ni shukrani yangu, usinibishie. Mgeni mmoja hapa, mpenzi wa nyota, kanifumbua macho: nisihadaike na boksi linalojisifu kukuza mara mia tano, nitazame upana wa mdomo na uimara wa kitako. Ya lenzi niliyoiona ina miguu mitatu inayotetemeka kama ya ndama. Nyingine ni pana zaidi, ndani kabisa ina kioo kama cha kujitazamia, ndicho kinachokusanya mwanga, nayo unaiweka tu juu ya stuli. Nimeipenda hiyo. Wasemaje?

Mwanao,
Sesilia

Kilosa, 18 Januari 2026

Mwanangu Sesilia,

Marahaba. Sijambo, magoti ndiyo yale yale, yanajua mvua kabla ya redio. Asante kwa kunikumbuka. Barua yako niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika kwenye kioo.

Kioo, Sesilia? Nikielekeze mbinguni? Nyumba hii wingu likitanda tu nafunika kioo cha kabati kwa kanga, na sababu unaijua. Tangu radi ilipomuua baba yako shambani Msowero, jua likizama mimi nimeshafunga mlango. Usinifundishe sayansi, niliifundisha mwenyewe. Najua kioo hakiiti radi. Mkono ndio hautaki kujua.

Kama ni lazima, nunua ya lenzi. Miguu itetemeke tu, hata yangu inatetemeka.

Mama yako,
Hildegarda

Mikumi, 1 Februari 2026

Mama,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Huku salama. Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa nafikiri.

Darubini ni ya anga jeupe, mama. Kukiwa na wingu haina kazi, unaifunika na kuiingiza ndani, kwa hiyo radi haitaikuta nje. Lakini nikuambie la moyoni: hata ya lenzi itakuwa bure ukiwa umejifungia. Kinachoniuma si kioo, ni ule mlango. Wewe na baba mlikuwa mkikaa uani kila jioni mkitaniana, nami nililelewa katikati yenu. Nakuogopea, mama. Naogopa utazeeka gizani ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Nimenunua ya kioo. Stefano, yule dereva wa Noah za abiria, anakuletea pamoja na barua hii. Ukiikataa mrudishie, sitanuna.

Mwanao,
Sesilia

Mikumi, 15 Februari 2026

Mama,

Shikamoo. Hujambo kweli? Stefano anasema uliipokea bila neno, ukaiingiza chumbani. Barua hujaleta. Kama nimekuudhi nisamehe, lakini usininyamazie.

Mwanao

Kilosa, 1 Machi 2026

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba tena. Mimi mzima wa afya, na usingizi nimeupunguza kwa hiari yangu.

Nilikasirika, sikufichi. Lile boksi nililigeuzia mgongo. Lakini ualimu ni ugonjwa. Jumanne nilianza kusoma maelekezo, nikamwita jirani yangu Teresia anisaidie kubeba stuli, maana kutoka peke yangu nilishindwa. Mlangoni nilisimama mpaka akaniuliza kama nasubiri mwaliko.

Basi mwalimu mzima nikachungulia kwenye mdomo wa bomba. Nikaona jicho langu, kubwa kama sahani! Nikapiga kelele. Teresia alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe mtu hutazamia kwenye kitundu cha ubavuni. Tulipoupata mwezi, una mashimo kama uji unaochemka. Hakuna aliyecheka tena.

Ijumaa Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, alikuwa jirani na mwezi. Nikamwona, mviringo kabisa, na vinyota vyake vimejipanga pembeni. Ndiyo miezi yake, Sesilia, ile niliyokuwa nikiichora ubaoni kwa kuamini tu. Nikamwita baba yako kwa sauti, "Theodory, njoo uone," kisha nikalia. Nililia vizuri, mwanangu, kilio kisicho na hofu. Teresia alinishika bega, tukaendelea kutazama kwa zamu hadi umande ukatulowesha.

Asante. Mungu akupe watoto wakaidi kama wewe.

Stefano ameniambia utakuja Jumamosi. Ukifika jioni usihangaike kubisha hodi mlangoni. Zunguka uani, nipo nje.

Mama yako