Kilabu Alichonikataza Elungat

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Tumefika kisiwani! Nimelowa hadi kiunoni, sukari imelowa, gauni la pili limelowa, lakini tumefika. Likizo yetu ya kwanza tangu harusi. Mwaka mzima nimeshona sare za watu kwenye baraza ya Mhindi pale Tororo, nikiwasikia wateja wakisifu kisiwa hiki kidogo mbele ya Majanji. Mchanga mweupe. Vilabu ufukweni kabisa, unavuta pombe kwa mrija huku miguu iko majini. Nikasema mwaka huu lazima. Mwanetu Akurut tumemwacha kwa bibi yake, kijijini Mukuju.

Elungat hakutaka. Alitaka Mbale. Mbale kuna nini? Huko kisiwani kuna mbu, akasema. Kuna viboko. Nikamwambia hata kukiwa na simba naenda. Akanuna, kisha akakubali kwa masharti: vilabu atachagua yeye, na pete yangu ya ndoa ibaki nyumbani isije ikateleza ziwani. Nimeiacha kwenye kopo la vifungo. Tangu lini mume wangu anajali pete?

Anasema hajawahi kufika huku. Lori lake la mchanga huishia Majanji, anapakia, anarudi Tororo. Sawa. Basi mbona tulipokaribia nchi kavu alivua viatu mapema, akamwambia mwenye mtumbwi apitie kushoto kwa sababu kuna jiwe chini ya maji? Na jiwe lilikuwepo, nililiona kwa macho yangu! Mwenye mtumbwi, jina lake Okochi, akamtupia neno kwa Kisamia. Elungat akamjibu kwa Kisamia hicho hicho, wakacheka. Mimi nimeolewa na Mteso. Kisamia amekitoa wapi?

Nimemuuliza. Ati kwa wapakia mchanga. Haya.

Jumanne, 6 Agosti

Kwa Oundo. Ndiye aliyetupangisha kibanda, na kilabu chake kiko hatua chache mbele ya mlango wetu. Paa la matete, hakuna kuta, na viti vyake ni mtumbwi mbovu aliouchanachana. Mahali pazuri asubuhi, kabla walevi hawajaamka. Upepo unatoka ziwani unakupiga usoni, chungu cha pombe ya nafaka ya wimbi katikati, maji moto juu yake, kila mtu na mrija wake mrefu. Samaki wake, ngege wa kuchoma — sina la kusema, nimenyonya hadi mifupa. Lakini pombe yake! Chachu, na mirija inaziba kila mara. Nikaipuliza mpaka masikio yakauma. Bibi yangu angeimwaga.

Mnunuzi mmoja wa samaki aliniona nikihangaika. Akasema, "Mama, wewe bado kwenda kwa Mama Maggie? Basi wewe bado kunywa."

Kabla sijajibu, Elungat akadakia. "Kule ni chafu. Watu wanapigana na visu."

Oundo akatazama paa. Nawajua wanaume wanaotazama paa.

Na jambo lingine. Nyumbani ananiita Mama Akurut, mbele ya watu, siku zote. Hapa tangu jana ni Amongin tu. Amongin leta hiki, Amongin njoo. Kama vile tumezaliwa tumbo moja.

Jumatano, 7 Agosti

Kwa Loy. Hiki nimekipenda! Bia za chupa anazifunga kwenye wavu wa samaki na kuzizamisha ziwani zipoe, ukitaka moja anavuta kamba. Kuna santuri. Kuna kivuli kizuri na mihogo ya kukaanga. Loy mwenyewe ni mjane mnene anayecheka kwa mwili mzima, na akinikaribisha alinishika mabega yote mawili kama ndugu aliyepotea.

Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Mbona anifurahie hivyo? Akamkonyeza Elungat, nikamwona. Nikajifanya naenda nyuma ya kilabu, nikarudi ghafla. Wapi! Loy anamenya mihogo, Elungat anatazama ndege. Nikaketi karibu na Loy nimchimbe polepole. Akaniambia, "Huyu mwanaume iko na heshima. Kisiwa yote wanamsifu."

Kisiwa chote! Mtu ambaye hajawahi kufika!

Tulipokuwa tunarudi nikamwuliza Elungat. Loy amelewa, akasema. Loy alikuwa anakunywa chai.

Alhamisi, 8 Agosti

Mvua. Elungat alitoka na taulo kwenda kuoga ziwani. Amerudi nywele kavu, sabuni kavu. Nikamnusa shati akiwa amelala mchana. Moshi wa kuni, na maziwa. Loy hana ng'ombe.

Sipendi kuwa mke wa kunusa mashati. Lakini ndivyo alivyonifanya.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Maggie!

Elungat alitoka na Okochi kuvua, nami mtumbwi ulipopotea tu nikashika njia ya ncha ya kisiwa. Kuchafu? Pamefagiwa hata kunguru anaona haya kutua. Mabenchi yamezamishwa mchangani, maji yanakuja yanagusa vidole yanarudi. Hakuna ugomvi. Kisu nilichokiona ni kimoja, cha kupasulia samaki. Hapa ndipo pazuri kuliko pote, na mimi nimekaa siku hizi zote nikipuliza mirija ya Oundo!

Mama Maggie ni mtu mzima, mrefu, mvi chache, mgongo umenyooka. Alijifunza kupika pombe kwa Wateso wa Busia, akasema. Alionja kwanza yeye mbele yangu, ndipo akanipa mrija, kama inavyotakiwa. Ee Mungu, ile pombe. Laini, nzito, ina joto lake na utamu kwa mbali. Nilifumba macho.

Akaniuliza nimetoka wapi. Tororo, nikasema. Akanitazama vizuri.

"Umekuja na yule wa lori?"

Mimi sikuwa nimetaja lori. Sikuwa nimetaja mtu yeyote. Nikasema ndiyo. Mama akaweka birika chini, akapiga makofi, akanishika mikono yote miwili. "Kumbe ni wewe! Asante kuja, mwanangu. Tumengoja watu yenu mpaka tumechoka."

Watu wetu? Wamengojwa kwa lipi? Kabla sijauliza, kuku alikuwa ameshachinjwa. Nikataka kusaidia kuosha sufuria, akanikataza kabisa, nikae, mgeni kama mimi hagusi maji. Hapo nikaingiwa na hofu ya kweli. Mwanamke usiyemjua anakuchinjia kuku saa nne asubuhi! Nikafikiria dawa. Nikangoja atie yeye kinywani ndipo nikala, na hata hivyo nililenga vipande vya upande alikokula yeye.

Nyuma ya pazia mtoto mchanga akalia, mtu akambembeleza. "Mjukuu," Mama Maggie akasema, akanitazama kana kwamba ni zamu yangu kusema. Nikasema Mungu amkuze. Nadhani nilimkosea, uso ulishuka kidogo.

Sasa hawara wa Elungat nimemjua. Ni yeye. Si Loy, ni huyu. Bado ni mzuri, na jina la mume wangu hataki hata kulitamka, anasema "yule wa lori". Ndiyo maana Elungat ananikataza kilabu chake. Mwanamke anayelingana na mama yake!

Amerudi na samaki, akaniuliza nilikuwa wapi. Kwa Loy, nikasema. Sasa waongo tumekuwa wawili katika kibanda kimoja.

Jumamosi, 10 Agosti

Nilikosea. Ni vibaya kuliko nilivyodhani.

Asubuhi tulikuwa tunatembea, yeye mbele, mimi nyuma, kwenye kijia cha kati ya mihogo. Kwa mbele akatokea Mama Maggie na mtungi kichwani. Nikasema moyoni, leo nawashika, nitasoma macho yao. Macho gani! Elungat aliruka kutoka njiani kama aliyekanyaga nyoka, akajitosa kwenye mihogo, akatupa mgongo, kofia akaishusha usoni. Na yule mama, mtungi ukiwa kichwani, akavuta kitambaa akafunika uso na kugeukia ziwa mpaka tulipopita. Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyeshangaa. Wamezoea.

Nilitembea hatua chache hivi nikiwa nimekasirika, nikijiambia aibu imewapata. Halafu nikakaa chini pale pale.

Mtu hamkimbii hawara yake namna hiyo. Namna hiyo nimeiona utoto wangu wote, Nakuru, kwenye nyumba za reli. Bibi mzaa mama alipokuja kututembelea, baba alikuwa anatorokea dirishani! Mtu mzima, mfanyakazi wa reli, na sare yake. Hakumtazama, hakumtaja jina, hakugusa chungu alichokigusa bibi. Wala bibi hakumtaja yeye. Majirani walicheka, sisi hatukucheka, kwa sababu ni heshima. Heshima ya mama mkwe. Wateso tunayo, Wasamia wanayo.

Mama Maggie. Mama yake Maggie. Na mtoto nyuma ya pazia.

Elungat akarudi kutoka kwenye mihogo, akaniuliza ninaumwa na nini. Jua, nikasema. Akanichotea maji kwa kofia yake. Ndilo lililoniliza, kwamba alikuwa ananihurumia kwelikweli. Ninampenda mtu huyu, na ninatamani nimtumbukize ziwani.

Kumwuliza siwezi. Atatazama ndege, atasema jua limenipanda kichwani, nami nitataka kumwamini. Kwa hiyo nimefanya hivi: nimemtuma Oundo kwa Mama Maggie, aje kesho anywe nami hapa kwetu. Chungu kimoja. Nitamwita Elungat akae na mrija wake. Akikaa, basi mimi ni mwehu na nitamwomba msamaha kwa magoti. Asipokaa, hakuna haja ya maneno.

Oundo alifurahi ajabu. "Kumbe siku imefika!" akasema, akaondoka mbio. Ananicheka, naye.

Jumapili, 11 Agosti

Asubuhi. Nimefagia. Nimeosha mirija. Nimemwambia Elungat tuna mgeni, sikusema nani. Akanyoa ndevu, mjinga wa watu, akashuka ufukweni kumtafutia mgeni samaki.

Baadaye. Naandika haraka, wako nje.

Hakuja peke yake! Walikuja mstari mzima. Mama Maggie amevaa gomesi la sikukuu. Loy na wavu wake wa bia. Okochi amevaa viatu. Mzee mmoja wa koti, anaitwa Okanya, kaka yake Mama Maggie. Chungu kichwani kwa mtu, kuku wawili. Nikasimama mlangoni nikijiuliza hawa wote wamekuja kuona fedheha yangu?

Elungat akatokea ufukweni na samaki mkononi. Akakohoa kwa mbali. Mama Maggie aliposikia tu kile kikohozi, kabla hata ya kumwona, kitambaa kikapanda usoni. Elungat akaangusha samaki, akazunguka kwa mbali, akaenda kukaa kwenye jiwe. Basi. Nilichotaka kukiona nimekiona, na wala sikuhitaji chungu.

Maneno yangu nilikuwa nayo, nimeyatafuna tangu jana. Nikafungua mdomo. Lakini yule mzee Okanya alitangulia.

"Mwanangu, sisi tumefurahi," akasema. "Huyu kijana ametuambia baba na mama wamekufa, imebaki dada yake tu. Leo dada yake amekuja mwenyewe. Sasa hii maneno ya ng'ombe ya mahari tutaongea, na mtoto apate ukoo."

Dada yake.

Wote wakanitazama kwa furaha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ananicheka. Loy alinishika mabega kwa sababu hiyo. Kuku alichinjwa kwa sababu hiyo. Mimi nilimla nikihofia sumu!

Kisha msichana akapita katikati yao. Ni mtoto kabisa, shingo nyembamba, amejipaka mafuta. Amebeba kichanga kimevaa kofia ya sufi. Amepiga magoti mbele yangu mchangani, akainamisha kichwa. "Wifi, karibu," akasema. "Kaka yako alisema wewe ni mkali, lakini ukinikubali nimekubaliwa."

Kile kichanga kina masikio ya Akurut. Yale yale, yaliyokaa wazi.

Sikuitika. Nilisema naleta mrija, nikaingia humu. Nikisema mimi ni nani, nitamvunja huyu binti mbele ya mama yake na mjomba wake, na hajanikosea lolote. Nikimwitikia kama wifi, nimemwoza mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Kule nje wanakohoakohoa, pombe inapoa. Mama Maggie ameita mara ya pili, kwa upole: "Mwanangu, toka umwitikie, magoti inamuuma."

Nakuja, nimesema.

Namwona yule binti kupitia mwanya wa matete. Bado amepiga magoti pale pale, hawezi kuinuka mpaka nimwitikie, jua liko juu ya kichwa cha mtoto. Elungat yuko kwenye jiwe lake, ameinuka nusu, kofia mkononi. Nilidhani ananitafuta mimi mlangoni. Hanitafuti. Anayatazama yale magoti ya Maggie mchangani, na uso wake — mimi mke wake tangu kanisani, uso ule wa mapenzi sijapata kuuona.