Makombo Ndani ya Oveni Mpya

Mwanza, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii? Dada Agnes aliniambia ukungu umeshuka mpaka mnakamua kwa tochi, nikakuona kabisa umejifunga lile shuka la Kimasai juu ya sweta mbili na bado unakataa soksi. Vaa soksi, Mama. Na yule ndama aliyegoma kunyonya, amekubali? Na ngano je? Huku joto ni lilelile na dagaa ni walewale. Mimi ni mzima wa mwili, sina hata mafua. Ninachoumwa utakisoma hapo chini.

Najua unashangaa. Mtoto ana simu, mama ana simu, barua ya nini? Ni kwamba kwenye simu mimi nitadanganya. Unaujua mdomo wangu, ndio unaonilisha. Halafu wewe simu yangu ikiingia unaweka sauti kubwa, nyumba nzima na majirani wanasogea, basi mimi naanza kuchekesha watu na lile nililotaka kusema linapita. Kwenye karatasi hakuna wa kuchekeshwa. Kwa hiyo kaa chini, vaa miwani, soma mwenyewe kwanza kabla hujampa Agnes.

Mama, ile oveni haikuwa mpya.

Nimeandika hivyo nikaenda kunywa maji, sasa nimerudi. Haikuwa mpya, na nilijua. Kabla yenu ilinunuliwa na mtu wa hoteli hapa mjini. Alikaa nayo kama mwezi, akairudisha kwa fujo, anasema upande wa kushoto inaunguza na upande wa kulia inatoa ugali. Bosi alimrudishia pesa yake kwa sababu jamaa alikuja na mwanasheria. Fundi akaifungua, akapuliza puliza mabomba ya gesi, akasema imepona. Hakuna aliyeoka hata andazi moja kuijaribu. Bosi akaniambia, "Petro, ipige nailoni, irudi kwenye boksi." Nikaipiga nailoni kwa mikono yangu. Nilisugua kioo kwa spiriti mpaka kikang'aa, nikabandika na stika.

Wiki ileile ukanipigia kwamba kikundi chenu cha kina mama waokaji kimeamua kuachana na oveni ya pipa, mnataka oveni ya gesi ya kweli, kwa sababu ile kambi ya watalii kule juu Ngorongoro wanataka mikate kila siku kwa ajili ya lanchi boksi za wageni. Mngemuuliza nani mwingine? Mtoto wenu anauza vyombo vya jikoni Mwanza. Nilisikia kina mama nyuma yako wanasema kwa Petro hatuwezi kuibiwa. Nilisikia, Mama, sauti kubwa ilikuwa imewashwa.

Nilimwambia bosi hawa ni watu wa nyumbani, niwape iliyofungwa kutoka kiwandani. Akasema, "Watu wa nyumbani ndio wazuri. Hawalalamiki." Ningebisha. Sikubisha. Niliogopa kazi, ndiyo, lakini si hilo tu. Aliniambia hiyo iliyorudi naweza kuwapa kwa punguzo, na mimi nikaona raha jinsi nitakavyoonekana huko nyumbani Qurus: Petro kapata punguzo, Petro mtu mzito huko mjini. Nikajiambia fundi ameshaitengeneza, nikalala usingizi mzuri kabisa.

Unakumbuka siku lori lilipoishusha? Ulinipigia ukasema, "Petro, humu ndani kwa nyuma kuna makombo ya mkate, na sisi hata hatujawasha." Sikusita hata kidogo. Nikakujibu, "Mama, hayo ni ya kiwandani, wanaoka mkate mmoja wa majaribio kabla ya kuipaki." Kisha ukasema, "Haya, viwanda vina mambo," watu wakacheka. Mpaka leo sijui kama uliniamini au ulinisitiri mbele za watu. Sikuulizi. Lakini nimeyakumbuka hayo makombo kila siku tangu hapo.

Sasa Mama Basili, mwokaji wenu.

Agnes ndiye aliyeniambia, wiki tatu zilizopita, na aliniambia kama habari ya kawaida tu, kati ya bei ya mbaazi na harusi ya mtoto wa mwalimu. Alisema kambi wameacha kuchukua mikate yenu kwa sababu inakwenda imeungua huku na mbichi kule, na kikundi kimemnyang'anya Mama Basili ufunguo wa chumba cha kuokea. Nikauliza kwa nini yeye. Akasema, "Si wewe mwenyewe ulisema?"

Ni kweli nilisema. Ile Jumapili baada ya misa mliponipigia wote, mkaniambia mikate haieleweki, mkaeleza kila kitu, na mimi nikawa nawasomea yale tunayofundishwa kumsomea mteja: mnafungua mlango mapema, huko kwenu kuna baridi, mtungi wenu una gesi ndogo, unga hamjauchekecha. Kila mteja tunamwambia hayo. Kosa ni lake mpaka achoke mwenyewe aende nyumbani. Halafu mmoja wenu akasema Mama Basili anahesabu muda kwa rozari, anageuza trei kila akimaliza tendo moja. Nikacheka! Nikasema, "Jamani, oveni ya kisasa haipimwi kwa Salamu Maria. Hapo ndipo tatizo lilipo." Mkacheka wote. Yeye alikuwepo?

Alikuwepo. Nimemuuliza Agnes. Alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango. Agnes anasema kwenye kikao watu walisema macho yake yamechoka, umri umeenda, mashine za siku hizi si za watu wa zamani. Na yeye, aliyefundishwa kuoka na masista kabla mimi sijazaliwa, aliyeoka kwenye pipa miaka yote hiyo kwa rozari ileile na hakuna mkate hata mmoja uliowahi kuungua, alivua aproni akaikunja, akasema, "Labda ni mkono wangu kweli." Akaenda Buger kwa binti yake na hajarudi.

Mama, alikuwa anageuza zile trei kwa sababu aliugundua ubovu wa hiyo oveni. Alijua upande mmoja ni mkali na mwingine umelala. Bila yeye kugeuza, hiyo mikate ingekataliwa siku ya kwanza. Katika kikundi kizima ni yeye peke yake aliyekuwa anaifanyia kazi oveni yangu mbovu, na mimi nikamcheka mbele ya wenzake. Huyu ndiye mama aliyekuwa ananikatia kipande cha pembeni nikitoka shule, kile kigumu nilichokipenda. Naandika nalia, na mimi si mtu wa kulia.

Hata baada ya kusikia hayo nilikaa kimya. Nataka ujue na hilo. Wiki mbili nzima nilikwenda kazini, nikauza, nikacheka na wateja.

Kilichonitoa ni mama mmoja mstaafu, alikuwa nesi, alinunua blenda kwetu, ile kubwa ya gharama, ikafa kabla ya mwezi. Alikuja, nikaanza kumwimbia wimbo wetu: mama umeweka barafu, mama umeiwasha muda mrefu, halafu ona risiti imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akavuta kiti akakaa katikati ya duka. Akasema, "Mwanangu, mwenye duka anaweza kuandika anachotaka kwenye karatasi yake, hawezi kufuta haki yangu. Nimenunua kitu cha kusaga, hakisagi. Nirudishieni pesa, au nipeni kinachosaga. Nisiposikilizwa hapa nitasikilizwa kwenye ofisi ya serikali ya kutetea walaji, na nitawataja kwa majina." Wenzangu wakaanza kuguna. Mimi nikaendelea, "Lakini mama, inawezekana hujui kuitumia." Akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Na mama yako aliyekuzaa naye unamwambia hivyohivyo?"

Duka zima lilicheka. Alikuwa ananitania tu, hajui lolote. Mimi mchana ule sikula.

Alipopewa blenda nyingine nilimfuata nje nikamuuliza hiyo ofisi iko wapi. Akanielekeza, nikaenda siku yangu ya mapumziko. Kijana aliyenipokea hakunicheka wala hakunigombeza. Aliniuliza maswali, akaniambia kitu kilichotumika kuuzwa kama kipya ni udanganyifu, na muuzaji hawezi kujificha nyuma ya gharanti iliyokwisha kama alijua ubovu tangu mwanzo na akanyamaza. Akaniambia mnunuzi ndiye anayetakiwa kulalamika, na mimi naweza kuwa shahidi.

Nilipotoka pale nikampigia Agnes, nikamuuliza kwa nini kikundi hakikulalamika wakati gharanti ilikuwa hai. Akaniambia katibu alitaka kuandika, aliandika mpaka nusu ukurasa, wewe ukamzuia. Ulisema, "Tunamwandikia nani? Petro? Mtoto wetu tumfukuzishe kazi kwa ajili ya mikate?" Ukasema oveni mtaizoea. Gharanti ikaisha mkiwa mnanilinda. Bosi alinena kweli, watu wa nyumbani hawalalamiki. Na aliyeilipia hiyo heshima yangu akawa Mama Basili.

Basi nisikilize, Mama, na usinibishie. Risiti iko kwenye kopo la biskuti, Agnes anajua. Msimruhusu fundi yeyote wa Karatu kuifungua oveni, wala msiisafishe kule nyuma kwenye makombo. Iacheni kama ilivyo. Katibu amalizie ile barua yake aliyoiacha nusu, aiandikie duka, na nakala aipeleke kwa afisa biashara wa wilaya, waiunganishe na maelezo yangu niliyoyaweka ndani ya bahasha hii. Nimeyaandika kwa mkono na kusaini: nani aliirudisha, nani alinituma kuifunga, nani aliifunga. Jina langu lipo la kwanza kwa sababu mimi ndiye niliyewauzia. Msiombe. Hamwombi msaada, mnadai oveni inayooka au pesa ya kina mama irudi.

Bosi nimemwambia jana uso kwa uso. Nilidhani atapiga kelele. Alikunywa chai yake akasema, "Ukipeleka hiyo karatasi, Jumatatu usije." Karatasi imeshakwenda. Kwa hiyo kesho siendi. Usianze kulia kuhusu kazi, kazi za mdomo hazikosi mtu Mwanza, na tafadhali usiwaambie watu nimefukuzwa kwa kuwapigania. Sikupigana. Nilinyamaza tangu mnapanda ngano mpaka imefika magotini, halafu nikasema.

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake, mwambie dawa ya kupe niliyomwahidi itachelewa kidogo. Nisalimie bibi, mshike mkono kwa niaba yangu maana hasikii. Shemeji mume wa Agnes, na wale watoto wake wawili wasiokaa kimya. Katekista, mwambie nimerudi kusali, atafurahi. Jirani yetu wa ng'ambo ya korongo pia. Na kina mama wa kikundi mmoja mmoja, kama watazipokea salamu zangu, wasipozipokea usiwalazimishe.

Mama, nakujua na ninakupenda, kwa hiyo najua utakachotaka kufanya ukimaliza kusoma. Utaikunja barua hii, utaitia chini ya godoro, na Alhamisi kwenye kikao utasema duka limekubali kosa, bila kutaja mtu. Ungefanya hivyo kwa sababu ni mimi. Na Mama Basili angebaki Buger na mkono wake anaoudhani ni mbovu.

Kwa sababu hiyo nimeandika mbili. Ya kwanza nilimtumia yeye, imetangulia juzi na gari la Buger pamoja na nakala ya maelezo yangu, maneno ni hayahaya mpaka hapa, ila habari ya bosi tu. Binti yake amenipigia asubuhi hii. Anasema mama yake aliisoma mara mbili, akainuka, akauliza gari la kuja Qurus linapita saa ngapi Alhamisi.

Mama, mwachie nafasi ya mbele kwenye benchi, na barua aisome yeye.

Mwanao,
Petro