Bakora Iliyompita Ami Seif

Ijumaa, Aprili ndiyo kwanza imeingia. Nizwa, Oman. Joto limeshaanza: mchana usukani wa gari niliushika kwa kitambaa. Hali yangu ni mbaya, na nimejitakia mwenyewe.

Msimu umekwisha. Kila mwaka unakwisha hivi hivi. Joto likifika watalii wanarudi makwao, na sisi wanaume wazima na matumbo yetu tunavua vilemba vya vita na kurudi maofisini. Kwa asiyetujua, tuko ishirini na wawili. Majira ya baridi yakianza tunaigiza vita vya zamani mbele ya ngome na kwenye mitaa mikongwe, hapa Nizwa, Ibra, Sur, popote tunapoitwa. Nusu yetu ni askari wa Imamu, nusu ni Wareno. Wareno hushindwa. Miaka kumi na miwili sijaona Mreno akishinda hata siku moja, na nina hakika, kwa sababu Mreno ni mimi.

Aliyekianzisha kikosi ni Ami Seif, ndugu wa baba yangu, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na nne. Yeye kazaliwa Unguja mjini, akaja huku kijana. Mimi nilizaliwa Dar es Salaam, nikaletwa kwake nikiwa na miaka kumi na tisa baba alipofariki. Alinipa chumba, akanisomesha, akanitafutia kazi, akaniozesha Zuwena. Sina kitu katika nchi hii ambacho hakikupitia mkononi mwake.

Na akanifanya Mreno.

Nilipomwomba angalau mara moja niwe upande wa Imamu, alinijibu mbele ya watu wote kwamba Kiarabu changu kina nazi ya Uswahilini. Mreno hasemi kitu, alisema, anakufa tu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kiarabu chake yeye kina nazi hadi leo, miaka hamsini baadaye, lakini nani angethubutu kumwambia? Nikavaa kofia ya mahameli ambayo Zuwena aliishona kwa mabaki ya mapazia, nikafa. Nikafa kila wiki, mchanga mdomoni, misimu kumi na miwili.

Sasa niieleze desturi yetu, maana bila hiyo hutanielewa, shajara, na pengine ukishaielewa hutataka kunielewa.

Vita vikiisha, waliokufa wanabaki chini. Maiti haamki. Hata sisimizi akiingia sikioni, haamki. Kiongozi wa vita, ambaye siku zote alikuwa Ami Seif, anapita na bakora yake, anamgusa kila mmoja begani, na aliyeguswa anasimama watu wakipiga makofi. Lakini kwenye onyesho la mwisho la msimu bakora inafanya kazi ya pili. Asiyeguswa, msimu ujao hayumo. Hakuna anayemwambia neno. Analala pale, anasikia wenzake wanainuka, anasikia makofi, na anaelewa mwenyewe. Akishaelewa anasimama, anafungua mkanda wake wa upanga, anaulaza pale alipofia, na anakwenda zake.

Ami Seif ndiye aliyeitunga. Alisema ni adabu zaidi kuliko maneno.

Miaka minane nyuma, kule Sur, bakora ilimpita Mbarak, mtu mpole ambaye goti lake lilikuwa limekwisha. Alilala muda mrefu hajaelewa. Mimi nilisema kwa sauti, "Huyu kafa kweli," na watu wakacheka, na Ami akacheka. Mbarak alisikia, najua, kwa sababu masikio yake yalikuwa mekundu alipoinama kufungua mkanda.

Nimeiandika hiyo ili nisijifanye kwamba nilikuwa mtu mwema hadi leo.

Shida ilianza Februari. Katika mapigano yetu kila jozi ina mapigo matatu, la kwanza kwenye ngao, la pili ubavuni, la tatu chini, na mnayahesabu kimoyomoyo. La nne halipo. Baada ya la tatu mpinzani anashusha ngao na kuanguka. Pale mbele ya ngome, Khalfan, mtu wa wilaya ya Dima wa Tayyin, alishusha ngao kama inavyotakiwa, na Ami Seif akapiga la nne. Panga zetu hazina makali, lakini chuma ni chuma. Khalfan alishonwa nyuzi saba juu ya jicho.

Ami alimtazama damu ikimtoka, akamwuliza, "Nani kakupiga?"

Wengine walidhani anatania. Mimi nilijua hatanii. Wiki ile ile alikuwa ameshaniita mara mbili kwa jina la marehemu baba yangu.

Siku chache baadaye wanaume walikuja barazani kwangu bila yeye. Walikunywa kahawa, wakala tende, wakamsifu Ami nusu saa nzima, na sifa zilipokwisha Khalfan akasema, "Salum, huyu mzee wenu. Mwambie wewe, basi, khalas, asishike upanga tena." Wakakubaliana pia kwamba baada yake niongoze mimi. Niungame hapa: jambo la pili nililisikia vizuri kuliko la kwanza.

Ningeweza kumwambia. Kila alfajiri namchukua kwenye gari kumpeleka msikitini, tuko wawili, hakuna anayetusikia. Nilikuwa na alfajiri thelathini na zaidi. Badala yake nilimwambia kwamba katika onyesho la mwisho bakora nitashika mimi, na yeye atakufa. Afe kama mzee wa mji anayekataa kukimbia. Watu watalia, Ami.

Alifurahi kupita kiasi. Vita vyote hivyo alivyopigana, hajawahi kuuawa hata mara moja. Alifanya mazoezi ya kufa kwenye zulia la sebuleni kwake, akamwita Zuwena aje aamue kipi kizuri, kufa chali au kufa kwa ubavu. Wakaamua ubavu, ili uso uonekane.

Zuwena nilimwambia kwamba Ami nitamgusa kama wengine wote, halafu nimweleze taratibu njiani tukirudi. Alinishukuru. Wewe shajara nikwambie kweli: leo asubuhi, nikifunga kilemba cha kiongozi mbele ya kioo kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilijiuliza itakuwaje nikimpita. Na wazo lilinipendeza.

Tulicheza Ibra, kwenye mtaa wa zamani, baada ya swala ya alasiri. Niliyasema maneno yangu yote, na nazi yake, na hakuna aliyecheka. Ami Seif alikufa vizuri. Sisemi kwa huruma. Alipigwa matatu, akayumba, akashika ukuta kwa kiganja, akashuka polepole kama mtu anayekaa kula, kisha akalala kwa ubavu. Mama mmoja wa Kizungu alijifunika mdomo.

Nikaanza kugusa. Wareno kwanza, kisha wetu. Mmoja mmoja wakainuka, makofi yakaongezeka. Nikamfikia.

Vumbi lilikuwa kwenye masharubu yake. Nzi alikuwa anatembea juu ya kope, na kope haikucheza. Mdomo ulikuwa na tabasamu dogo, la mtu anayejua anasubiri nini. Bakora yangu ilikuwa shibiri moja kutoka begani kwake. Nilikumbuka nazi. Nilikumbuka wale waliocheka, mmoja mmoja, na majina yao. Sikukumbuka chumba alichonipa, wala ada ya chuo, wala siku aliyosimama mbele ya baba yake Zuwena kuniposea. Hayo nimeyakumbuka baadaye, kwenye gari.

Nilimpita.

Makofi yalikwisha. Watu walipiga picha, wakaanza kuondoka. Hakuna aliyecheka mara hii. Khalfan aliangalia viatu vyake. Tulikusanya panga, tukazifunga kwenye turubai, na Ami bado yuko chini, kwenye mawe yaliyokunywa jua tangu asubuhi. Nilidhani ameshaelewa na anatutia adabu kwa kiburi chake. Nikasema moyoni, akae basi, tuone nani atachoka.

Zuwena, aliyekuja nasi kutazama, ndiye aliyekwenda. Alipiga magoti, akamtikisa bega. "Ami, inuka. Vita vimekwisha."

Hakufumbua macho. "Bado sijaguswa, mwanangu," alisema. "Mwambie Salum asinisahau."

Zuwena aliniangalia kutoka pale chini. Tumeoana miaka kumi na saba, na sijawahi kuangaliwa vile.

Nilikwenda. Bakora nilishaiweka kwenye gari. Nikamwambia, "Ami, khalas." Akafumbua macho, akaangalia mkono wangu wa kulia, kisha wa kushoto, akiitafuta bakora. Halafu akaelewa. Niliona kwa macho yangu jinsi alivyoelewa, na nataka niandike kwamba niliumia, lakini katika dakika ile sikuumia. Niliona tumelingana.

Alikaa kitako, akaanza kufungua mkanda. Hiyo ndiyo sheria, na sheria yake mwenyewe. Lakini vidole havikumtii. Alijaribu bizimu mara tatu, mara nne, wenzetu wote wamesimama kwenye magari wanatazama pengine. Mwisho alishusha mikono. Ikabidi nipige magoti mbele yake nimfungue mimi.

"Taratibu," alisema. "Ngozi ya zamani hiyo."

Akaupokea, akaulaza pale alipofia, akaunyoosha kwa kiganja mpaka ukalala sawa. Kisha akaondoka kwa heshima, kama desturi inavyotaka, bila kugeuka nyuma. Akaenda kupanda gari langu. Angekwenda wapi kwingine? Ndilo tulilokuja nalo.

Nilipobaki peke yangu niliuokota mkanda. Desturi hairuhusu. Nikauficha chini ya turubai.

Kutoka Ibra hadi Nizwa ni safari ya saa moja na nusu ikiwa na maongezi. Leo sijui ilikuwa saa ngapi. Ami aliangalia nje. Zuwena, kiti cha nyuma, alimpa maji, akampa tishu afute vumbi usoni, mimi hakunipa kitu. Tulipofika mlangoni kwake nilishuka kumfungulia, na nilikuwa nimeandaa maneno, njia nzima nimeyaandaa, lakini kilichonitoka ni, "Shikamoo, Ami." Tumekaa pamoja tangu alfajiri, ndiyo kwanza namwamkia. Akaniitikia, "Marahaba," akaingia ndani.

Kwenye simu nilikuta ujumbe wa wenzangu. Mashallah, umetuokoa. Umefanya lililotushinda sote. Khalfan aliandika neno moja tu, Amiri, cheo cha kiongozi, cheo cha Ami. Nilisoma ujumbe ule mara mbili, na mara ya pili nilisoma kwa raha. Haya, nimeshasema.

Kisha, baada ya isha, simu ikalia. Ami Seif.

Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyekwisha kuoga na kunywa chai. "Salum, mwanangu, hebu nambie. Leo n'likufa vizuri?"

"Vizuri sana, Ami."

"Watu walilia?"

"Walilia."

"Alhamdulillah." Akacheka kidogo. "Sasa sikiliza. Mkanda wangu siuoni. N'meutafuta chumba kizima. Isije kuwa n'meuacha kule Ibra, msimu ujao n'tavaa nini mie?"

Mkanda ulikuwa mezani mbele yangu. Bado una vumbi la Ibra kwenye bizimu.

"Ninao mimi, Ami."

"Ah, umenifaa. Basi uje nao alfajiri."

Nilipoweka simu chini Zuwena alikuwa amesimama mlangoni, kanga kichwani, ametoka kuswali. Alikuwa amesikia yote. Hakunifokea. Angenifokea ningejua la kujibu.

"Sasa utamuua mara ngapi?" aliuliza, akarudi ndani.

Nimekaa hapa tangu saa ile najaribu kupima. Labda amesahau kweli, kama alivyosahau pigo la nne. Labda hakusahau kitu, na hii ndiyo bakora yake, ananipigia simu kwa upole ili nijue. Namjua mzee wangu, hajawahi kulisema kwa maneno jambo analoweza kulisema kwa njia nyingine. Nimeisikiliza sauti yake kichwani mara kumi na sijapata jibu. Na ubaya wangu uko hapa, shajara: naomba iwe ananitesa. Akiwa ananitesa, tutagombana na tutapatana. Akiwa amesahau, basi leo nimemwaibisha mtu mbele ya watu wote, na waliobaki na kumbukumbu ni mimi na Zuwena na wale kwenye magari.

Niliapa nitaandika azimio mwisho wa msimu, kama kila mwaka. Mwaka jana niliandika nipunguze wali.

Mkanda nimeufuta, nimeupaka mafuta ngozi isikatike, nimeuweka juu ya viatu vyangu mlangoni ili nisiweze kutoka bila kuushika. Nisipompa, itanibidi nimweleze kwa nini, uso kwa uso, ndani ya gari, jambo nililolikimbia alfajiri zaidi ya thelathini. Nikimpa, atauvaa.

Nitampa. Namjua Salum, ni mwoga, atampa na atamwamkia shikamoo.

Halafu baridi itarudi, na Ami Seif atakuja amevaa mkanda wake, na bakora ninayo mimi.