Mtungi wa Mwisho wa Nanang

Quezon City, Desemba 9

Dada yangu Manang Delfina,

Kwanza pokea salamu zangu, pamoja na za jua la huku ambalo hata Desemba halioni haya. Mgongo unaendeleaje? Na yule bibi unayemtunza huko Taipei, bado anakataa kula mpaka umwimbie? Mimi mwili hauna neno, moyo ndio haukai. Barua hii nimeianza mara nne. Naandika mistari miwili, nainuka, nafua kitambaa ambacho hakijachafuka, narudi. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ungenikatiza, nami ningedanganya tena.

Nanang, mama yetu, alipotuacha Januari, uliniagiza nisiuache mtungi wake wa mwisho wa bagoong peke yake kule Vigan, katika nyumba tupu. Ulisema wale ni dagaa aliowatia chumvi Nanang kwa mkono wake mwenyewe kabla hajaugua, na kwamba tutaufungua pamoja siku ya misa ya mwaka, tukivua nguo nyeusi. Nikakuitikia. Lakini mtungi ule, hata dagaa wakiwa chini tu, watu wawili hawaunyanyui, Manang, na kondakta wa basi aliniambia akiupakia huo abiria wake wote watashuka. Basi nikawahamishia dagaa kwenye chupa kubwa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, nikaizungushia taulo tatu, nikaipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Siku ya tatu tu Aling Purita, mama mwenye nyumba, alisimama mlangoni kwangu kaziba pua kwa upindo wa gauni, akauliza humu ndani nafuga maiti au vipi. Nikamwambia ni bagoong. Akasema hata yeye anakula bagoong na embe mbichi, tena kila siku ya Mungu, lakini ya kwake inakaa mezani kwa adabu, haitembei mpaka ngazini kusalimia watu. Wapangaji wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo jina langu likawa Binti Dagaa. Niliona aibu, Manang. Nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikakifunga kwa mpira wa baiskeli, chupa nikaificha ndani ya kabati la nguo.

Najua unavyoshika kichwa sasa hivi. Mtoto gani wa kwetu hajui kwamba bagoong hufunikwa kwa kitambaa na sahani tu, ipate kupumua inapochacha? Mimi niliyekulia nyuma ya jiko lile, nikaiziba pumzi kwa sababu ya maneno ya ngazini. Aprili joto lilipopanda, chupa ikapasuka mchana nikiwa kazini. Nilirudi nikamkuta Aling Purita kakaa kwenye ngazi, kaniwekea ndoo na ufagio. Nguo zangu zote za kanisani zilikuwa zinatiririka. Nilijaribu kuwachuja wale dagaa mpaka vidole vikatoka damu, lakini vioo vilikuwa vimeingia kila mahali. Hakikupatikana hata kijiko kimoja cha kuokoa.

Juma Kuu nikapanda basi kwenda Vigan. Nilinunua dagaa wabichi ufukweni, nikapima bakuli tatu za dagaa kwa moja ya chumvi, nikaujaza mtungi wa Nanang pale pale nyuma ya jiko na kumwomba jirani autazame. Wewe nikakwambia nimeirudisha bagoong yake nyumbani kwa sababu ya kelele za Aling Purita. Kichupa nilichokupelekea Novemba kilitoka humo.

Ukanipigia simu ukilia. Ulisema tone la kwanza tu lilipogusa ulimi uliutambua mkono wa Nanang. Sasa umeshawaita mama wadogo wote, na Januari watakuja kuonja na kumlilia. Nimejaribu kujiona nimesimama pale, nawapa vijiko, nawatazama wakilia juu ya dagaa wangu. Siwezi.

Ni mkono wangu, Manang. Ni huu huu ambao Nanang alisema una moto, utaozesha samaki. Miaka yote ile wewe ulichanganya naye, mimi kazi yangu ilikuwa kuleta chumvi na kusogea mbali. Siku ile nilichanganya peke yangu, kila mara nikiutazama mlango kana kwamba ataingia anifukuze.

Nimekupotezea kitu cha mwisho cha mama yetu, na hakirudi. Nikasirikie, nitapokea. Mama wadogo nitawaambia mwenyewe, kabla sahani haijainuliwa. Lakini naomba unijibu jambo moja, maana yeye hayupo tena wa kumuuliza: ile bagoong ya kwenye kichupa, ilikuwa tamu kweli?

Msalimie bibi yako, na uvae soksi, nasikia huko ni baridi. Nitakungoja uwanja wa ndege, hata ukishuka umenuna.

Mdogo wako,
Herminia