Bunduki ya Mjane wa Highview

Newburg, Louisville
9 Oktoba 2016

Mpendwa mdogo wangu Zenoni,

Huu ni mwaka wa arobaini na nne tangu tuvuke mpaka wa Burundi kwa miguu, na wa tisa tangu ndege zituteremshe Marekani, wewe Buffalo, mimi hapa. Habari za afya yako? Goti limepoa? Baridi ya huko imeshaanza? Sisi tu wazima. Shemeji yako Kostansia anaumwa mgongo, lakini kwaya haiachi.

Baada ya salamu, nina hasira nawe, na nimetaka uisome kwa mwandiko wangu kabla hujaisikia kwa watu.

Unajua kwamba mjukuu wetu Irakoze yumo katika timu ya shule ya kulenga shabaha. Wanalala kifudifudi na kutoboa karatasi, basi. Bunduki ya timu wanapokezana watatu, na kocha amesema asiye na yake hataenda mashindano ya jimbo Januari. Nilikuomba ushauri mmoja tu: ninunue ya zamani au mpya?

Mpya ina kitako cha aluminiamu kinachorefushwa mtoto akikua, na vipuri vyake vinapatikana. Ya zamani ni ya mjane mmoja wa Highview. Kitako chake ni cha mbao, kizito, na kipande kikivunjika hakuna kiwanda kinachokitengeneza tena. Lakini Irakoze aliijaribu. Kati ya risasi kumi, tisa ziliingia katika tundu linalofunikwa na sarafu moja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikia mlio wa bunduki bila kutafuta pa kujificha.

Wewe swali hukulijibu. Ulimpigia simu dada yetu Delfina kule Columbus, ukamwambia naingiza nyumbani kafa Ulaya, mtumba wenye damu, kwamba bunduki iliyokwisha kutumika hujui imemuua nani. Delfina akampigia mtoto: "Wee Irakoze! Hizo roho zitalala nawe kitanda kimoja!"

Kostansia humtania kila Jumamosi, "Na hiyo karatasi imekukosea nini, mjukuu wangu?" nao hucheka wote wawili. Maneno ya Delfina hayakumchekesha mtu. Jumatano binti alimrudishia kocha koti la timu. "Babu, basi. Wamtafute mwingine," aliniambia, akaingia chumbani na kufunga mlango. Ana miaka kumi na sita, Zenoni, na hiki ndicho kitu cha kwanza alichokichagua mwenyewe.

Huoni haya? Kambini Mtabila ulihubiri miaka kumi na mmoja ndani ya koti la kafa Ulaya, wala hukuuliza mwenyewe alikufa kifo gani.

Hata hivyo nilirudi kwa mjane nikamwuliza waziwazi, kama mnavyotaka: imemuua nani? Hakukasirika. Alinishushia kutoka darini sanduku la karatasi za mumewe, zenye matundu katikati, kila moja ina tarehe na saini ya mwamuzi, za miaka thelathini na mmoja. "Hata sungura hakumpiga," alisema. "Alikuwa akiwawekea karoti." Bunduki ngapi duniani zina ushahidi wa namna hiyo? Mpya haina damu, kweli. Haina hata shahidi.

Nimechagua ya zamani. Niliichukua jana. Imefungiwa kabatini, ufunguo ninao mimi. Koti nalo nililifuata kwa kocha. Irakoze amelipokea, lakini hajalivaa, na hatalivaa mpaka awasikie ninyi wawili. Mpigie. Umwombe radhi wewe mwenyewe, usimtume Delfina.

Nisalimie shemeji Nyiramahirwe, na Ruta na wanawe. Mungu awalinde barabarani theluji ikianguka.

Delfina ananiambia umesema pia kwamba tukirudi Burundi tutachekwa, binti wa ukoo wetu anapiga bunduki. Watakaotucheka ni akina nani? Wale tuliowaacha mwaka 1972 nusu yao wamekwisha kufa. Kwa kungoja kurudi kwao hukujifunza kuendesha gari, na masanduku yako bado yamefungwa chini ya kitanda. Sasa wataka kumfungia humo na huyu mtoto ambaye Burundi hajaiona. Januari nitaketi nyuma yake na miwani yangu. Rudi wewe, ukipenda. Mimi sirudi.

Kaka yako, mwenye hasira na mapenzi kwako,
Leopoldi