Kibao cha Baba Hakina pa Kusimama

Jumamosi, jioni. Hapa Korogwe kumenyesha kidogo, lakini vumbi jekundu la Misima, kijijini kwa baba, bado limo kwenye kucha zangu. Nimekaa barazani na kichwa kimejaa, sijui hata nianzie wapi.

Nianze na kibao.

Ni cha mninga. Nilimpa seremala wa hapa mjini achonge jina la baba, nikamsisitizia herufi ziwe nene na za kuzama, asipake rangi tu. Mama haoni vizuri tena. Ukungu umeingia macho yote mawili, na juzi juzi aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeomba chumvi, kwamba angependa kaburi la baba liwe na jina analoweza kulishika.

Mama ni Msambaa wa Mpale, alisilimu alipoolewa. Kwao makaburi yako nyuma ya nyumba, karibu na migomba, na yamejengewa kwa saruji. La bibi lina msalaba na vigae vyeupe. La babu jina liliandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi, na herufi moja imegeuzwa. Ukifika pale unajua nani ni nani. Kwa kina baba, Misima, ni tuta la udongo, jiwe kichwani, jiwe miguuni, na ule mmea wa majani marefu wanaopanda makaburini. Jina hakuna. Wazee walisema Mungu anamjua, inatosha. Mama alikuwa mgeni, tena mjane. Angebishana na nani?

Mimi nimekulia kati ya makaburi ya aina hizo mbili, na sijawahi kujua ni lipi linanituliza. La saruji naona linafunika mno. La udongo hunitia wasiwasi.

Leo nimeelewa wasiwasi ule ulikuwa wa nini.

Mimi na mama tulipofika makaburini leo tulikuta wanaume wawili wanachanganya zege, na matofali yamepangwa kandokando ya kaburi la baba. Mmoja akaweka koleo chini, akaja kutusalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnamjengea nani?"

"Bibi yangu, mama yake baba."

Anaitwa Salehe, mtu wa makamo, anafanya biashara Dar na amerudi kuwajengea wazee wake. Mwenzake ni fundi tu. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mjeuri, ingekuwa rahisi kumchukia. Lakini ana adabu zake.

Nikamwambia, "Kaka, samahani, hili ni la baba yetu. Kila mwaka kabla ya Ramadhani tunakuja kulisafisha."

Akalitazama kaburi, akanitazama mimi. "Dada, bibi nilimzika mimi mwenyewe. Nilikuwa kijana, lakini nilishika jeneza. Ni hili. Hilo la nyuma yako ndilo sijui la nani."

Nikageuka. Kweli, nyuma yangu kulikuwa na tuta lililokaribia kulingana na ardhi, jiwe moja limelala ubavu. Nimelipita miaka yote. Nimewahi hata kuweka kapu langu juu yake.

Kwetu wanawake hatuendi kuzika. Siku ile mama alibaki ndani, ameanza eda, na mimi nilikuwa binti wa shule. Baadaye baba mdogo ndiye aliyetuleta, akanyoosha mkono akasema, "Hapa." Tukaamini. Baba mdogo naye ameshafariki.

Hatukuona. Tulionyeshwa tu.

Nikampigia shangazi, dada yake baba, anakaa hapo hapo kijijini. Akaja haraka na kanga mabegani, akakagua mawe, akasema bila kusita, "Mwanamke huwekewa mawe matatu, la kati likiwa tumboni. Hili lina mawili. Ni la kaka yangu."

"Shangazi," Salehe akasema taratibu, "ng'ombe wanapita humu kila kiangazi. Jiwe la tatu si lingeweza kusukumwa?"

Akampigia ustadhi wa msikitini, akaweka sauti ya simu juu tusikie sote. Ustadhi akasema hesabu hiyo ya mawe ni mila za watu, yeye haijui katika dini. Alama ni alama, hata kijiti kinatosha. Shangazi akasonya. Akasema mama yake mzazi alizikwa na mawe matatu na kijiti hakikuwapo.

Basi nikabaki katikati. Mawe matatu, mawe mawili, jiwe moja lililoanguka. Kila mmoja ana uhakika wake, na mimi peke yangu sina wangu.

Fundi akatukumbusha kwamba zege linaanza kukauka.

Mama ndiye aliyesema. "Jenga, mwanangu. Zungusha ukuta mfupi, yote mawili yawe ndani. Ila usifunike. Tusimfunike mtu tusiyemjua."

Salehe aliokota koleo lake. Alikuja kumjengea bibi yake kaburi zuri, nilimwona jinsi ilivyomuuma. Kisha akasema, "Sawa, mama," akaanza kuhamisha matofali.

Mama akaomba nimpeleke kwenye lile la pili. Alipapasa mpaka akalipata jiwe, akasema lisimamishwe, na Salehe akalisimamisha. Akaomba dua huku, akaenda akaomba na kule. Shangazi akaitikia amina zote, ingawa alikuwa bado amenuna.

Mimi dua haikunitoka. Nilikuwa nafikiria mambo yote niliyowahi kumwambia baba pale. Ndoa yangu ilipovunjika, nilimwambia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtoto wangu alipougua, nilikwenda pale nikalia mpaka nikachoka. Nikajikuta namwambia Salehe, sijui kwa nini: "Kama ni bibi yako, basi anajua siri zangu zote."

Akacheka, akafuta jasho. "Basi anakujua kuliko anavyonijua mimi."

Nikacheka pia, halafu nikalia. Sijui kipi kilikuwa cha kweli zaidi.

Tukabaki na kibao. Salehe akapendekeza tukichomeke katikati ya makaburi yote mawili. Mama akakataa. Alisema akishika jina anataka mwenye jina awe chini yake. Kwa hiyo tumerudi nacho, nimekipakata njia nzima kama mtoto.

Mama ametoka sasa hivi chumbani, akakaa kando yangu na kuomba nimpe kibao. Amekiweka mapajani na anapitisha kidole taratibu, herufi ya kwanza, ya pili, anarudi nyuma, anaanza tena. Akifika mwisho anatamka jina lote. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akilitaja, siku zote alisema "baba yenu."

Ameniuliza kama kinaweza kukaa chumbani kwake.

Sijui kama inafaa kulala na kibao cha kaburi chumbani. Ustadhi atasema hivi, shangazi atasema vile, na wajomba wa Mpale watashangaa. Nimekipangusa vumbi, nimekipeleka, nimekiegemeza ukutani, upande anaolalia.